Kutoboa chuma cha moto: panchi, kitako na kipanuzi, mpaka tundu la mpini wa nyundo

Ukipiga keekee ya mm 13 kwenye chuma bapa cha upana wa mm 30, kila upande wa tundu unabakiwa na mm 8.5 za chuma, basi. Kilichokuwa katikati kimekuwa vumbi la chini ya meza. Kitoboe chuma hichohicho kikiwa moto kwa panchi ya mm 10, kisha lipanue tundu mpaka mm 13: kinachotoka ni kipande kimoja chembamba kama sarafu, na chuma kingine chote kimesukumwa pembeni. Ubavu unatuna, na tundu linazungukwa na chuma kingi kuliko lile la keekee. Ndiyo sababu bawaba ya geti, sururu au nyundo iliyotobolewa motoni kwa ustadi haipasuki upesi kwenye tundu. Tena kazi haingoji umeme urudi.

Mashoka ya jadi ya sehemu nyingi za Afrika Mashariki yalikwepa kabisa shida hii. Mkia wa shoka ulipenyezwa kwenye kichwa kinene cha mpini, kwa hiyo kilichotobolewa ni mti, si chuma. Nyundo, sururu na jembe la tundu ni kinyume chake: mti unaingia ndani ya chuma. Hapo mhunzi anahitaji vifaa vitatu ambavyo mwongozo huu utavieleza kimoja kimoja.

Panchi ni chuma kirefu chenye ncha bapa kinachozamishwa kwa nyundo ndani ya chuma cha moto. Kitako ni chuma chenye tundu kinachowekwa chini ya kazi ili sarafu ipate pa kutokea. Kipanuzi ni chuma kilichochongoka polepole kinacholipa tundu ukubwa na umbo lake la mwisho. Karakana nyingine zina majina mengine, lakini kazi ni zilezile. Usimpe panchi kazi ya kipanuzi. Panchi inakata, kipanuzi kinanyoosha.

Kuchagua chuma cha panchi

Nondo haifai. Ni laini mno: ncha yake inavimba kama uyoga kwenye tundu la kwanza na kunasa humo humo. Unahitaji chuma chenye kaboni ya kutosha kugumishwa, na kwenye vyuma chakavu vya magari kimejaa.

Stebilaiza ya gari, ile fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, ni chaguo zuri kuliko yote kwa panchi za duara. Ni chuma cha springi, mara nyingi ina unene wa mm 18 hadi 25, na sehemu yake kubwa tayari imenyooka. Angalia kwanza ncha yake ukishaikata, kwa sababu za magari mengi ya karibuni ni bomba tupu ndani. Springi ya mviringo ya gari dogo nayo inafaa kwa panchi nyembamba, lakini itabidi uipashe moto uinyooshe. Springi bapa ya lori, yenye unene wa mm 10 hadi 12, ni ya panchi za mfuo, yaani zile za kutobolea tundu refu jembamba. Tindo lililochakaa la mashine ya kuvunjia zege ni hazina: nene, gumu, na linastahimili nyundo kubwa.

Fimbo ya shokamzoba iache. Imepakwa kromu, na ukiipasha moto moshi wake ni sumu. Vivyo hivyo chuma chochote chenye rangi ya fedha ya zinki, kama bomba la maji: usikitie motoni hata kidogo.

Kama hujui kilichomo kwenye kipande, kijaribu. Kata kipisi cha sm 5, kipashe moto mpaka kiwe chekundu cha kung'aa na sumaku isikishike tena, kizamishe majini, kisha pitisha tupa. Tupa ikiteleza bila kuuma, chuma kinagumika. Tupa ikikwangua kama kawaida, kitafute kingine. Unaweza pia kukifunga kipisi hicho kwenye gunia zito na kukipiga: kikivunjika kama kigae, ndicho chenyewe. Gunia si la mapambo. Vipande huruka kama risasi.

Kuna vyuma maalumu vya kiwandani vya kazi ya moto. Kinachojulikana zaidi ni H13, chenye kromu ya karibu asilimia 5 pamoja na molibdenamu na vanadi, ambacho kinabaki kigumu hata ncha ikiwa nyekundu. Ukikipata kinunue. Lakini kumbuka kwamba chuma hicho hugumika kwa hewa tu. Ukikizamisha majini kikiwa chekundu kama unavyopoza panchi ya springi, kitapata nyufa. Maelekezo yanayofuata ni ya chuma cha springi.

Umbo la panchi ya duara

Kata urefu wa sm 22 hadi 25. Fupi zaidi ya hapo, mkono unakuwa karibu mno na joto. Ndefu zaidi, inayumba unapoipiga. Pasha sm 8 za mwisho mpaka rangi ya chungwa na uifue ncha: kwanza mraba, kisha pembe nane, kisha duara. Kufua duara moja kwa moja kunapasua katikati ya ncha, na ufa huo hauuoni mpaka panchi ikatike.

Kwa panchi ya mm 10, ncha iwe na mm 10 kamili na inenepe taratibu mpaka mm 14 ukifika sm 6 juu yake. Ikichongoka ghafla itafanya kazi ya kabari: badala ya kukata itapasua, na itanasa. Ikikosa kuchongoka kabisa, haitoki. Unene wa mm 4 katika sm 6 ni kipimo kinachokubali vyuma vingi.

Sasa ncha yenyewe, maana hapa ndipo panchi nyingi huharibika. Uso wa ncha uwe bapa, umekaa pembe mraba na mhimili wa panchi, na ukingo wake uwe mkali, kama ukingo wa glasi iliyokatwa. Ncha ya mviringo kama kidole inasukuma chuma mbele bila kukikata, na upande wa pili inatoka na mdomo uliopasuka kama ua. Usiichonge iwe kali kama msumari pia. Bapa, yenye ukingo. Inyooshe kwa tupa, usiache alama za grainda zikipita kwa upana wa shina, kwa kuwa kila mkwaruzo ni mwanzo wa ufa.

Upande wa kupigwa unyoe ukingo wake kwa pembe ya mshazari wa karibu mm 4 kuzunguka, na uuache laini bila kuugumisha. Utaendelea kupanuka kama uyoga kadiri unavyotumika. Kila midomo inapoanza kujikunja, isage. Kipande kinachoruka kutoka kwenye kichwa cha panchi kinaweza kutoboa jicho au mshipa wa mkono.

Kuigumisha ncha

Kwanza tuliza chuma. Ipashe panchi mpaka sumaku isishike (nyuzi 770 za sentigredi na kidogo zaidi), itoe, iache ipoe yenyewe hewani mahali pasipo na upepo mpaka weusi urudi. Fanya hivyo mara tatu. Usiiweke kwenye udongo wenye unyevu.

Tayarisha lita 4 au 5 za mafuta ya kupikia ndani ya ndoo ya chuma yenye kifuniko. Oili chafu ya injini inafanya kazi pia, lakini moshi wake haufai kifuani. Pasha mafuta mpaka yawe ya vuguvugu kali, nyuzi 50 hadi 60. Tumbukiza kipande cha chuma cha moto yatapata joto. Mafuta baridi ni mazito na yanapoza polepole kuliko ya moto, jambo linalowashangaza wengi.

Pasha sm 5 za ncha mpaka sumaku iache kushika, kisha ongeza kidogo rangi ing'ae zaidi. Zamisha sm 3 tu, wima, ukiipandisha na kuishusha kwa kiasi cha mm 5 usiache mstari mmoja kati ya baridi na moto. Hesabu sekunde kama 10. Itoe shina likiwa bado na joto lake, sugua ncha haraka kwa msasa mpaka chuma kiwe cheupe, na tazama. Joto lililobaki juu litashuka, na rangi zitakimbia kuelekea nchani: manjano ya nyasi kavu, kahawia, zambarau, buluu. Kwa tindo la kukatia chuma baridi ungesimamisha kwenye kahawia. Kwa panchi ya moto subiri buluu, karibu nyuzi 300, kisha zamisha yote. Panchi yenye ugumu wa manjano itamenyeka ukingo siku ya kwanza.

Usitarajie ugumu huo ukae milele. Panchi ya springi inaishi kwa kupozwa mara kwa mara, na ikichoka unaifua ncha upya na kurudia. Kwa kazi chache hata iliyoachwa bila kugumishwa inatosha, mradi ipozwe vizuri.

Kitako

Fuawe ya kiwandani, yaani chuma kizito cha kufulia juu yake, ina tundu la duara karibu na mkia wake kwa kazi hii. Walio wengi wanafulia juu ya kipande cha reli kilichopatikana kihalali au bonge la chuma la mashine, ambavyo havina tundu lolote. Basi tengeneza vitako.

Kwa panchi ya mm 10, nati ya bolti ya M16 inafaa sana: tundu lake ni karibu mm 14, hivyo sarafu inapita, na bado ukingo uko karibu na panchi kiasi cha kukata safi. Kanuni ni tundu la kitako kuzidi panchi kwa mm 3 au 4. Likizidi mno, chuma kinazama ndani ya tundu na uso wa kazi unabonyea. Chukua nati kubwa nzito, isage iwe bapa pande zote mbili, ichomelee kwenye bamba la mm 10 lenye tundu la kutokea.

Wengine hutumia ringi ya beringi. Ni ngumu sana, na nyundo ikiikosa kazi ikaipiga yenyewe, inamenyeka vipande vikali. Iache.

Tundu la kwanza, hatua kwa hatua

Chukua chuma laini bapa, mm 30 kwa mm 10, urefu wa kutosha kukishika bila koleo kama sm 50. Tia alama kikiwa baridi kwa senta panchi, yaani panchi ndogo yenye ncha kali ya kutilia alama, na uitie kwa kina. Alama ya chaki inaungua, mkwaruzo mwembamba unafichwa na magamba, yaani maganda meusi yanayotokea juu ya chuma cha moto. Kishimo cha senta panchi kinaonekana hata chuma kikiwa cha manjano. Tia alama ya pili upande wa pili, mahali palepale. Weka ndoo ya maji mkono wako unapofika, na panchi, nyundo ya kilo 1 hadi 1.5 na kitako viwe mezani kabla chuma hakijatoka motoni. Chuma hakisubiri mtu anayetafuta kifaa.

Pasha mpaka manjano, nyuzi 1,050 hadi 1,150. Makaa yawe na kina cha kutosha, sm 15 hivi juu ya tundu la mvukuto, na kazi iwe katikati ya makaa, si karibu na upepo. Kwenye upepo moja kwa moja chuma kinapata magamba mengi, na magamba yakiingia chini ya panchi yanaacha mabonde. Piga brashi ya waya mara mbili ukitoa.

Kiweke moja kwa moja juu ya uso imara wa fuawe, si juu ya kitako. Weka ncha kwenye alama, piga pigo moja jepesi, inua, angalia kama iko katikati. Hii ndiyo nafasi ya kusahihisha. Ukishashuka mm 3 panchi imechagua njia yake. Kisha piga mapigo matatu au manne mazito, wima. Itoe panchi, itie majini sekunde mbili, na kabla ya kuirudisha tupia ndani ya shimo chembe ya unga wa makaa ya mawe kama wa kushika kwa vidole viwili. Unga huo unatoa gesi chini ya panchi na kuizuia isishike. Usiinamishe uso juu ya kazi, kwa kuwa gesi inaweza kuirusha panchi na cheche. Ukikosa makaa ya mawe, unga laini wa mkaa wa kuni unasaidia, ingawa kwa nguvu ndogo.

Rudia: mapigo matatu, maji, unga. Ukiona kazi imefika nyekundu ya damu ya mzee, irudishe motoni. Kupiga panchi kwenye chuma kilichopoa kunaharibu panchi na hakusogezi kitu.

Sikiliza nyundo. Mwanzoni sauti ni nzito ya kuzama, kama kupiga ardhi. Chini yake kikibaki chuma chembamba, mm 2 au 3, sauti inakuwa kali na panchi inarudi mkononi kama imegonga jiwe. Hapo acha. Ukiendelea, unapiga fuawe kupitia kipande chembamba: ncha inapanuka, na sarafu inasambaa badala ya kukatika.

Geuza kazi haraka. Utaona doa jeusi la duara mahali panchi ilipokuwa. Chuma kilichobanwa kati ya panchi na fuawe kimepoteza joto kuliko kilichokizunguka, kwa hiyo doa linakuonyesha mahali hasa pa kuweka ncha. Doa hili hukaa sekunde chache tu. Ondoa magamba, weka panchi juu ya doa, kazi ikiwa bado juu ya uso imara, na upige pigo moja zito: utahisi ukingo unakatika. Sasa isogeze juu ya kitako na upige mara moja au mbili. Sarafu inaanguka chini na sauti yake. Ipoze majini kabla ya kuigusa au kuikanyaga.

Sarafu inasema ukweli wote. Ikiwa nyembamba, ya duara, yenye ukingo mweupe uliokatika wima, kazi ni nzuri. Ikiwa nene na ukingo uliochanika, uligeuza mapema mno. Ikiwa na mdomo upande mmoja, panchi ilikuwa imeinama au ncha haikunyooka. Isipotoka kabisa na badala yake tundu likatokea lenye midomo upande wa pili, ncha yako imekuwa ya mviringo: isage.

Tundu sasa ni la mm 10 na limebana katikati. Pasha tena, pitisha kipanuzi cha mm 13 kutoka upande mmoja, kigeuze, pitisha kutoka wa pili. Chuma bapa kitakuwa kimetuna ubavuni. Kipige pembeni kipanuzi kikiwa ndani, kisha uso, kisha pembeni tena. Ukipiga ubavu bila kipanuzi, tundu linakuwa yai.

Panchi ikinasa

Itanasa siku moja, hasa ikikaa ndani ya chuma zaidi ya mapigo manne. Ncha imepata wekundu, imevimba ndani ya shimo, na sasa haipandi wala haishuki. Usiipige kwa nguvu ubavuni, itakatika. Mwagia panchi maji polepole huku kazi ikiwa bado moto: panchi inasinyaa, kazi haijasinyaa, na kwa kuigonga kidogo huku na huku inalegea. Isipolegea, geuza kazi juu ya kitako na uisukume kutoka upande wa pili kwa fimbo nyembamba, kama tayari kuna uwazi. Njia ya mwisho ni kurudisha vyote viwili motoni na kuitoa panchi ikiwa nyekundu. Ugumu wake utakuwa umekufa, utaifua upya.

Hesabu ya tundu la mpini

Nyundo haitobolewi kwa panchi ya duara. Tundu lake ni yai, na ukianza na duara kubwa umetupa chuma ambacho mashavu ya nyundo, yaani kuta za pande mbili za tundu, yalikihitaji. Anza na mfuo, yaani tundu refu jembamba, kisha ufungue kwa kipanuzi.

Mfuo uwe na urefu gani? Linganisha mizingo. Tuseme tundu la mwisho ni yai la mm 28 kwa mm 20. Mzingo wake ni karibu mm 76. Panchi ya mfuo yenye unene wa mm 6, urefu wa mm 30 na ncha mbili za nusu duara ina mzingo wa mara mbili ya 24, kuongeza 18.8, yaani karibu mm 67. Kipanuzi kitanyoosha tofauti hiyo ya mm 9, asilimia 13 hivi. Asilimia 10 hadi 20 ni salama kwenye chuma cha manjano. Ukifanya mfuo wa mm 35, mzingo utakuwa tayari umetosha, kipanuzi hakitakuwa na la kubana, na tundu litabaki refu na legelege. Ukifanya wa mm 22, utalazimisha mnyoosho wa karibu asilimia 50, na pembe za mfuo zitapasuka.

Hesabu hiyohiyo inafaa tundu la mraba. Kwa mraba wa mm 12, mzingo 48, anza na duara la mm 13, mzingo karibu 41, kisha pitisha kipanuzi cha mraba.

Panchi ya mfuo itoke kwenye springi bapa au tindo la zege. Urefu sm 25, ncha mm 6 kwa mm 30, ikinenepa kidogo tu kwenda juu. Pembe nne za ncha zisiachwe kali. Pembe kali kwenye mfuo ni ufa unaosubiri. Ncha ziwe nusu duara, lakini uso wa kukatia bado bapa. Ifunge mshiko wa waya nene au nondo ya mm 8 iliyozungushwa, kwa kuwa hii inahitaji mpigaji mwenye nyundo ya kilo 3 au 4 na wewe kushika mbali. Kitako chake ni vipande viwili vya chuma kinene vilivyochomelewa vikiwa vimeachana mm 10.

Kipanuzi hakihitaji kugumishwa. Kitengeneze kwa kipande cha ekseli au springi nene, urefu sm 25. Kichwa cha mbele kianze mm 6 kwa 26 ili kiingie kwenye mfuo, kinenepe ndani ya sm 12 mpaka yai la mm 28 kwa 20, kikae hivyo sm 3, kisha kipungue tena kuelekea sehemu ya kupigwa. Mpunguo huo wa nyuma ndio unaokuwezesha kukitoa. Kisugue kwa tupa mpaka kiteleze. Kila bonde lililomo juu yake litaandikwa ndani ya tundu.

Nyundo yenyewe

Ekseli ya lori ya mm 45 ikifuliwa mraba inatoa mm 40 kwa 40. Kata mm 105. Uzito ni kama kilo 1.3. Weka alama ya katikati pande mbili zinazotazamana kwa senta panchi, alama mbili kila upande, kwenye miisho miwili ya mfuo, ukipima kutoka kingo zilezile. Nusu saa ya kupima hapa inaokoa siku nzima.

Pasha mpaka manjano na uache kipande ndani ya moto dakika chache zaidi baada ya rangi kufika, ili kiini nacho kishike. Chuma kinene kinadanganya: ngozi ya manjano, moyo mwekundu. Cheche nyeupe zikianza kuruka kutoka kwenye chuma chenyewe, kinaungua, na kilichoungua hakiponi.

Zamisha panchi robo tatu ya kina upande wa kwanza, mapigo matatu kwa mara moja, maji, unga wa makaa. Itachukua mipasho mitatu au minne. Kila baada ya mpasho tazama kazi kutoka mbele na ubavuni, uhakikishe panchi imesimama. Kwenye unene huu doa jeusi huenda lisionekane vizuri, ndiyo maana uliweka alama pande zote mbili. Geuza, zamisha mpaka ukutane, kisha upeleke kwenye kitako utoe kipande.

Sasa kipanuzi. Kipashe kwanza mpaka maji yachemke juu yake, kwa kuwa kipanuzi baridi kinanyonya joto la kuta za tundu, na kuta zilizopoa ndizo zinazopasuka. Nyundo ikiwa ya manjano, kiingize kwa mapigo mazito machache, kisha acha kupiga kichwa na upige mashavu, kipanuzi kikiwa ndani. Mashavu yanatambaa na kukumbatia kipanuzi. Kitoe kabla nyundo haijashuka kwenye wekundu wa giza, pasha, na sasa kiingize upande wa pili.

Usikipitishe chote kutoka upande mmoja. Kikiingia kutoka pande zote mbili bila kuvuka, tundu linakuwa pana kwenye midomo na limebana katikati, tofauti ya mm 1.5 au 2 hivi. Kiuno hicho ndicho kinachoshika mpini: mti unaingia kwa kubanwa, na kabari inapanua mwisho wake juu ya kiuno. Tundu lililonyooka kama bomba litarusha kichwa cha nyundo, na kabari yoyote haitasaidia.

Shavu moja likitoka nene kuliko jingine, tundu halikuwa katikati. Tofauti ya mm 2 inarekebishika: kipanuzi kikiwa ndani, pasha vizuri na upige shavu nene zaidi ya jembamba, ambalo lenyewe linapoa mapema na kusogea kidogo. Usimwage maji kwenye shavu jembamba ili kulizuia. Chuma cha ekseli kina kaboni ya kutosha kupasuka. Tofauti ikizidi mm 4, kata, tengeneza kitu kingine.

Mistari myembamba ikitokea kwenye miisho ya yai, simama papo hapo. Isage mpaka iishe ungali na chuma cha kusaga, kabla ya mpasho unaofuata. Ukiipiga ikiwa imefunguka itazama chini ya ngozi, na utaigundua nyundo ikiwa mkononi mwa mteja.

Mavazi na mahali

Miwani ya kinga mwanzo hadi mwisho. Nguo za pamba, maana nailoni inayeyukia kwenye ngozi. Viatu vilivyofunika mguu, si kandambili: sarafu ya moto ikiangukia kati ya vidole hutaisahau. Mpigaji asisimame mbele yako bali ubavuni, na mkubaliane ishara kabla ya kuanza. Ishara ya kawaida ni fundi kulaza nyundo yake ndogo juu ya fuawe: mpigaji anasimama hapo hapo, hata nyundo ikiwa imeshanyanyuliwa.

Kazi ikiisha, kagua ncha ya kila panchi kwa kucha. Ukingo ukishika kucha, isage ungali umewasha moto, na ukaifue kama imevimba. Kisha zipake mafuta kidogo na uzisimamishe ndani ya kopo lenye mchanga mkavu, ncha zikiwa juu, ili mpasho unaofuata uione ile unayoitaka bila kuifukua.